Kuwaombea viongozi wa serikali: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Sisi ni kikundi cha waombaji kutoka makanisa kadhaa ya Kigoma Mjini na Ujiji. Tupo Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, na ndugu wachache wa Moravian waliohamia kutoka Tabora. Tukimaliza kuomba, watu hutusimamisha mlangoni na maswali, na mengi ni yale yale. Majibu haya ameyaandika mmoja wetu na wengine wameyapitia. Pale ambapo hatukukubaliana, imeandikwa hivyo.

Biblia inaagiza wapi tuwaombee viongozi?

Mahali panapotajwa zaidi ni 1 Timotheo 2:1-2. Paulo anataka dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote, kisha anataja "wafalme na wote wenye mamlaka, tuishi maisha ya utulivu na amani, katika utauwa wote na ustahivu". Usiupite mstari huo haraka. Mfalme ndiye anayeombewa, lakini wanaotarajiwa kuishi kwa utulivu ni sisi. Hasemi mfalme aombewe ili akae kwenye kiti miaka mingi, wala ili kanisa lipate kiwanja.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo, na karibu kila jibu lililo hapa chini limetoka hapo. Ukimwombea mkuu wa wilaya, unamwombea mama anayeuza migebuka Kibirizi na mtoto anayesoma akiwa amekaa sakafuni. Sala ambayo ndani yake mheshimiwa yupo ila wananchi hawamo, sisi tunaiona ina upungufu.

Kuna sehemu nyingine pia: Ezra 6:10, Zaburi ya 72, Yeremia 29:7, 1 Petro 2:17. Zaburi ya 72 tunaipenda mno kwa sababu inamwombea mfalme, halafu moja kwa moja inaeleza kazi yake, yaani kuwahukumu walioonewa, kuwaokoa wahitaji na kumseta mwenye kuonea.

Paulo aliandika wakati viongozi walikuwa wazuri. Wetu je?

Walikuwa wazuri wapi, ndugu yangu? Kwa mapokeo ya kanisa, Kaisari wa siku za mwisho za Paulo ni Nero, aliyetawala kuanzia mwaka 54 hadi 68. Baada ya Roma kuungua mwaka 64, Wakristo ndio waliobebeshwa lawama na wakauawa kikatili. Hata hivyo kanisa halikuacha kuomba. Karibu na mwisho wa karne hiyo kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho barua ambayo jina la Klementi limeambatana nayo, na mwishoni mna sala ndefu kwa ajili ya watawala: Mungu awape afya, amani, umoja na uthabiti ili waongoze bila kukwaza. Kisha kule Karthago, kaskazini mwa Afrika, karibu mwaka 197, Tertuliano akawajibu watawala waliowashuku Wakristo kuwa maadui wa dola. Aliwaambia kwamba Wakristo humwombea Kaisari maisha marefu, nyumba salama, jeshi hodari, baraza aminifu na dunia yenye utulivu. Ila walikataa kumfukizia ubani kama mungu.

Huo mpaka ndio wa kushika. Walimwombea Kaisari kwa Mungu, na hawakukubali kabisa kumwomba Kaisari mwenyewe.

Huu si uchawa tu, yaani kujipendekeza kwa wakubwa, uliovikwa nguo za ibada?

Swali hili huulizwa na vijana, na huulizwa kwa hasira. Wana haki ya kuuliza. Zipo sala ambazo ukifumba macho unadhani unasikiliza mkutano wa kampeni. Mwombaji anaanza na vyeo vyote vya mheshimiwa, anataja miradi, anamshukuru Mungu kwa "mikono yake iliyobarikiwa", na Yesu anatajwa mara moja tu, kwenye Amina. Hiyo sisi tunaiita hotuba.

Kipimo chetu ni chepesi. Jiulize kama sala hiyo ungeiomba mheshimiwa akiwa hayupo, kamera hakuna na hakuna atakayemfikishia habari. Jiulize pia kama kiongozi wa chama kingine akishika kiti kile kile Jumapili ijayo utaweza kuirudia bila kubadilisha chochote isipokuwa jina. Ukisita, ipunguze.

Mambo ya shukrani yasitutie hofu lakini. Paulo ameiweka shukrani humo humo kwenye orodha. Kama kisima kimechimbwa na maji yanatoka, mshukuru Mungu kwa kisima na mtaje mhandisi wa maji. Nani aliwahi kumwombea mhandisi wa maji?

Tuanze na nani? Rais kwanza?

Wengi huanza kwa Rais, Makamu na Waziri Mkuu, na wakifika hapo muda umekwisha. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu (mzee mmoja katika kikundi hakubaliani, anasema itifaki ni itifaki), tuanzie chini. Kumwombea Rais kila wiki huku humjui mwenyekiti wa mtaa wako kwa jina ni sawa na kuombea mvua inyeshe Tabora wakati shamba lako liko Kasulu.

Hebu angalia ni nani anayeamua mambo yako ya kila siku. Barua ya utambulisho ya kumtolea dhamana mtoto wako polisi anaiandika mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja hupita kwenye baraza la kata. Kesi nyingi za mwananchi wa kawaida huanzia kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na hakimu huyo hufikiwa na bahasha kirahisi kuliko jaji aliye mbali. Zamu za usiku za wauguzi zinapangwa na mtu, na dawa kwenye zahanati zinaagizwa na mtu. Kwenye mialo kama Katonga na Kibirizi kuna afisa uvuvi na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ambao wakiamua kwa haki mvuvi analala, na wakiamua kwa upendeleo nyumba nzima inakosa chakula.

Mnakumbuka mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa wa ngazi ya juu, tena kwa makubaliano na nchi jirani tunazochangia nazo ziwa. Lakini namna ulivyomgusa mtu ilitegemea aliye mwaloni: nani alikamatwa, nani aliachwa, nani alielezwa kwa heshima na nani alitukanwa. Miezi ile tulijifunza kuomba kwa kutaja kazi. "Bwana, afisa wetu wa uvuvi asimwonee mtu na asimpendelee mtu." Ni sala fupi. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alisema ni mara ya kwanza kusikia kanisani kitu kinachofanana na maisha yake.

Tunaowataja kwa zamu ni mwenyekiti na wajumbe wa mtaa, mtendaji wa kata, diwani, mkuu wa kituo cha polisi, hakimu, mganga mfawidhi wa hospitali ya Maweni na waganga wa vituo vya afya, walimu wakuu, mkurugenzi wa manispaa na wakuu wa idara zake, hasa ardhi. Kisha mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, mbunge, mawaziri na Rais. Hatuwamalizi wote kwa Jumapili moja wala hatujaribu.

Tuwaombee nini hasa? "Hekima" tunaitaja kila siku.

Hekima ni ombi jema, Sulemani aliliomba mwenyewe katika 1 Wafalme 3. Hata wimbo wa taifa ni sala inayomwomba Mungu awabariki viongozi na kutaja hekima, umoja na amani, kwa hiyo anayesema dini isiingie kabisa kwenye mambo ya taifa aanze kujadiliana na wimbo wake. Shida ni kwamba "wape hekima" imesemwa hadi imechuja. Iwekee jambo. Hekima ya kufanya nini?

Kuna mfano ulio karibu nasi kwa reli. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona kushiriki ni kukubali kutukanwa. Mwalimu Nyerere akashawishi chama kishiriki, hoja ikapita, na historia ikauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake. Waliokuwa ukumbini wote walitaka uhuru. Waligombana kuhusu njia ya kuufikia. Maamuzi mengi ya viongozi yako hivyo, watu wema wako pande zote mbili na saa inakwenda. Kuwaombea hekima maana yake ni kuwaombea saa kama ile, kwa jambo lenye jina.

Mfano wa leo ni reli ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ikipita, kuna nyumba na mashamba ya kulipiwa fidia. Basi waombee wathamini waandike ukubwa wa shamba ulio wa kweli, na waombee wanaosaini malipo wasicheleweshe. Mtu ambaye muhogo wake umefyekwa na hajalipwa, ukimwombea tu "maendeleo ya mkoa wetu" hatasema Amina.

Zaidi ya hapo tunaomba mambo haya: waogope kuiba, wawe na rafiki anayewaambia ukweli, ndoa zao zisivunjike kwa uhamisho, wapate usingizi, wasipande pikipiki wala kivuko wakiwa wamelewa. Wapo wanaocheka tukifika hapo mwishoni. Wengine wetu tumezika.

Kiongozi akiwa Mwislamu, Mkristo anamwombeaje?

Anamwombea kama anavyomwombea Mkristo. Dario aliyetajwa katika Ezra 6 hakuwa Myahudi, na ndiye aliyeomba aombewe yeye na wanawe. Koreshi, mfalme wa Uajemi, anaitwa masihi wa Bwana katika Isaya 45:1. Danieli alimtumikia Nebukadreza na akamshauri kwa upole aache dhambi kwa kuwahurumia maskini.

Tanzania imepokezana vizuri katika hili. Mwalimu Nyerere na Benjamin Mkapa walikuwa Wakatoliki, na Magufuli pia. Ali Hassan Mwinyi, Jakaya Kikwete na Samia Suluhu Hassan ni upande wa Uislamu. Kanisa lililokuwa likiomba kwa bidii zaidi kwa wale na kulegea kwa hawa lilikuwa likiombea dini yake. Na sisi wa Ujiji, ambako msikiti na kanisa vimezoeana na majirani hualikana Idi na Krismasi, tutakuwa watu wa ajabu tukishindwa hili. Wao nao humfanyia dua Mkristo aliye madarakani.

Unaweza pia kuomba amjue Kristo, kama unavyomwombea mtu yeyote, maana 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu anataka watu wote waokolewe. Lakini usifanye kipaza sauti cha kanisa kuwa mahali pa kumsema mtu kwa dini yake.

Na akiwa mtoto wa nyumbani?

Philip Mpango, mtu wa Buhigwe, alipokuwa Makamu wa Rais kuanzia Machi 2021 hadi 2025, sala za mkoa huu zilipata moto ambao hatukuwa tumeuona. Hakuna ubaya kumwombea wa kwenu. Ila tulisikia pia maombi ya "Bwana, akumbuke alikotoka", na hayo yalikuwa ombi la barabara lililovaa kanzu. Kiongozi wa taifa zima anapaswa kuombewa awe wa Mtwara na Tanga vilevile.

Ni dhambi kuomba kiongozi aondoke madarakani?

Hapa tulibishana sana, nusu saa haikutosha.

Upande mmoja ulishika Warumi 13: mamlaka yamewekwa na Mungu, muache Mungu. Upande mwingine ulishika wimbo wa Mariamu katika Luka 1:52, "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, Na wanyonge amewakweza", wimbo ambao Wakatoliki na Waanglikana huuimba jioni bila kuona haya. Mimi ninayeandika niko karibu zaidi na Mariamu. Kama mtu anaweza kuondolewa kihalali kwa kura, kwa utenguzi au kwa kujiuzulu, sioni kosa kumwambia Mungu kwamba tumechoka naye na tunaomba mwingine. Mungu si afisa usalama.

Tulichokubaliana wote ni kwamba kumwombea mtu kifo, ugonjwa au ajali ni kitu kingine. Zaburi 109:8, "Siku zake na ziwe chache", inatumiwa na watu kama fimbo, tena wakicheka. Aliyeiandika alikuwa mtu aliyeonewa akilia mbele za Mungu. Hakuwa akimtumia mtu ujumbe wa kumtania. Na Yesu alisema waombeeni wanaowaudhi.

Kisha kuna Samweli. Sauli alikuwa amekataliwa na Mungu, jambo limekwisha, lakini Samweli akaendelea kumlilia hadi Mungu mwenyewe akamuuliza atamlilia hata lini. Ukitaka kuomba kiongozi aondoke, jiulize kama umewahi kumlilia.

Siwezi kumwombea. Nimeumizwa.

Usijilazimishe kusema maneno usiyoyaamini. Wapo miongoni mwetu waliopoteza ndugu, waliobomolewa nyumba, waliolala rumande bila kosa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "samehe, mwombee" saa ile ile, anaondoka kanisani na hana pa kurudi.

Zaburi za maombolezo ziko kwa ajili hiyo. Anza na ya 10 au ya 94: "Ee Bwana, Mungu wa kisasi", ndivyo inavyoanza ile ya 94, wala haijaondolewa kwenye Biblia kwa kuwa ni kali. Mwambie Mungu lililotokea, na umtaje aliyelitenda. Hiyo tayari ni kumleta kiongozi huyo mbele za Mungu, hata kama kwa sasa unamleta umemkamata kola. Wenzako ndio watakaomwombea kwa niaba yako mpaka siku utakayoweza. Na kama hutaweza, Mungu anajua.

Kiongozi wa maombi asimwite mtu kama huyo mbele ili "afunguliwe". Tafadhali sana.

Tukishaomba tunyamaze?

Nathani alimletea Daudi ahadi ya Mungu kwamba nyumba yake itadumu, na Nathani huyo huyo ndiye aliyemnyooshea kidole akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Eliya alimkabili Ahabu kwa shamba la Nabothi. Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa kwa kusema. Biblia haina nabii aliyeambiwa aombe ili asiseme.

Hata hapa kwetu. Wakatoliki humtaja Rais na viongozi kwenye sala ya waamini, na Ijumaa Kuu kuna ombi maalumu kwa wanaotawala. Baraza la Maaskofu hilo hilo, TEC, Agosti 2023 lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Wengine walikubaliana nalo, wengine hawakukubaliana nalo, lakini hakuna aliyeona sala zimesimama Jumapili iliyofuata.

Kwa mwananchi wa kawaida hatua yenyewe si kubwa hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Nenda. Omba asubuhi, mchana ukakae kwenye benchi usikilize hesabu, na kama zahanati imeandikiwa mabati ambayo hujayaona, nyoosha mkono uulize kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, samahani, hayo mabati yako wapi?" Wako waombaji hodari wa kukesha hadi alfajiri ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wa mtaa. Tunawapenda, lakini tunawadai.

Kiongozi akija ibadani tumwite mbele tumwekee mikono?

Akija kuabudu, mpe kiti kama mgeni mwingine. Yakobo 2 inamzungumzia mtu mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri huku maskini akiambiwa akae chini, na tunaomba wazee wa kanisa waisome kabla ya kupanga viti. Mkitaka kumwombea, mwombeeni pamoja na wagonjwa na wasafiri wa siku hiyo. Inapendeza akisikia jina lake liko kati ya mjane na mtoto aliyelazwa.

Wakati wa kampeni msimpe kipaza sauti. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na hata yasingekataza, aibu ingetosha. Harambee ni mtego wake: mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, mchungaji anamwekea mikono, kwaya inaimba jina lake, na kuanzia hapo kanisa haliwezi tena kumwambia neno. Mkipokea saruji, pokeeni wazi, andikeni risiti, na sala yake isiwe ndefu kuliko ya aliyetoa shilingi mia tano.

Tuna waumini wakimbizi. Wamwombee Rais gani?

Mkoa huu umewapokea Wakongo na Warundi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwepo tangu 1996, na mwaka 2015 Warundi wengi waliingia tena. Swali hili tuliletewa na Mrundi mmoja aliyeona ni usaliti kuiombea nchi nyingine wakati yake inaungua.

Yeremia 29 iliandikwa kwa watu kama yeye. Wayahudi walikuwa Babeli, mateka, wamechukuliwa kwa nguvu na mfalme aliyebomoa mji wao. Walitazamia barua ya kuwaambia kesho mnarudi. Wakaandikiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee mji ule, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Hawakuambiwa waisahau Yerusalemu; Zaburi 137 inaonyesha jinsi walivyoikumbuka kwa machozi.

Kwa hiyo tunasema omba kote kuwili. Omba Gitega na Kinshasa wapate viongozi wanaoogopa kumwaga damu, ili safari ya kurudi iwe ya kweli na ya hiari. Ombea pia Dodoma, mkuu wa kambi, polisi wa kambini, na wanaopanga mgawo wa chakula, kwa sababu amani yako ya leo iko mikononi mwao. Sisi wenyeji nasi tumejifunza kitu kwa wageni hawa. Wanapoomba "tuishi maisha ya utulivu", hawasemi kwa mazoea.

Nabii amesema kiongozi fulani atakufa mwaka huu. Tufunge?

Msisambaze. Kumbukumbu la Torati 18:22 inaeleza cha kufanya na nabii ambaye neno lake halikutimia, na wengi wao hubadilisha tarehe tu. Mwombeeni kiongozi afya kama mnavyomwombea jirani, basi.

Serikali ikiitisha maombi ya kitaifa, tushiriki?

Ndiyo, bila tatizo, kama dhamiri haikuzuii. Mnamo Aprili 17 hadi 19, 2020, wakati wa korona, Rais Magufuli alitangaza siku 3 za maombi na watu wa dini zote wakaomba. Maombi yale hayakumzuia mtu kunawa mikono, na aliyeacha kunawa kwa sababu ameomba alijikosea mwenyewe. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hivyo serikali inaalika. Maneno ya sala ni yetu.

Tunaomba mfano wa sala.

Hii tuliitumia na mnaweza kuibadilisha mpendavyo:

"Mungu Baba, wewe unawaona wanaolala njaa mtaani kwetu kabla mtendaji hajawaandika. Tunamleta kwako mwenyekiti wetu na mtendaji wetu. Wakae mbali na bahasha. Mlango wao usiwe na bei. Tunaleta hakimu wetu, ayasikilize maneno ya asiye na wakili. Tunawaleta askari wa doria za ziwani na barabarani, wewe uwarudishe salama kwa watoto wao, na mikono yao isimpige mtu aliyekwisha kukamatwa. Tunamleta mkuu wetu wa wilaya na mkuu wetu wa mkoa, wapate watu wa kuwaambia ukweli na masikio ya kuusikia. Tunamleta Rais wetu, umpe afya, umpe usiku wa kulala, na umkumbushe kila asubuhi mtu wa mwisho kabisa katika nchi hii. Walipokosea, watubu. Tuliponyamaza kwa woga, utusamehe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina."

Mkeka, yaani orodha ya uteuzi, ukitoka na kiongozi akatenguliwa, tunamfuta kwenye orodha?

Uteuzi hutangazwa usiku, na asubuhi orodha yetu ina majina ya watu waliokwisha kupangiwa Songwe. Katibu wetu huandika kwa penseli. Aliyehamishwa tunamkabidhi kwa ndugu walioko alikoenda, kama tunawafahamu. Aliyetenguliwa haondoki moja kwa moja: anakaa kwenye orodha angalau mwezi, kwa sababu ndio wakati simu yake haiiti tena na waliokuwa wakimfungulia mlango wa gari hawamwoni. Baadaye tunamhamishia kwenye ukurasa wa wagonjwa, wajane na wastaafu, kwa jina lake la kawaida bila cheo.